Kero Ndogo Ndogo na Nguvu za Mwalimu

Mwalimu wa shule ya msingi hachoshwi na kufundisha peke yake. Kufundisha, hasa kunapofanikiwa, humwongezea mtu nguvu kuliko kumpunguzia. Mtoto aliyeshindwa kutoa kwa kukopa tangu Jumatatu, akaweza siku ya Alhamisi, humpeleka mwalimu wake nyumbani akiwa na uso wa furaha, hata kama amesimama tangu asubuhi. Kinachomchosha mwalimu ni mambo mengine, madogo madogo, ambayo hayamo katika andalio la somo, wala hakuna mkaguzi ayaulizaye.

Wanachuo wanaporejea kutoka katika mazoezi ya kufundisha, sisi wakufunzi huwauliza ni mambo gani yaliyowapa taabu. Tungetazamia kusikia habari za nadharia: namna ya kuanza somo, namna ya kuuliza maswali, namna ya kumpima mtoto. Lakini majibu yao aghalabu huwa mengine kabisa. Huyu husema kwamba kila asubuhi alizunguka shule nzima akitafuta chaki. Yule husema kwamba mlango wa darasa lake haukuwa na komeo, ukajipigiza kwa upepo kutwa nzima. Wa tatu hueleza kwamba katika kila kipindi watoto wanane au kumi walimwendea mmoja mmoja kuomba ruhusa ya kwenda chooni. Wote husimulia mambo haya huku wakicheka kidogo, kama watu wanaoona haya kutaja vitu vidogo namna hiyo mbele ya wakubwa.

Maoni yetu ni kwamba hapana sababu ya kuona haya. Kuondoa kero ndogo za kila siku ni sehemu ya ufundi wa kufundisha, nayo yastahili kufundishwa vyuoni kama yanavyofundishwa matumizi ya ubao. Wahenga walisema, bandu bandu huisha gogo. Gogo lenyewe hapa ni moyo wa mwalimu.

Kero ni nini?

Kwanza tuelewane juu ya neno lenyewe. Hatusemi hapa juu ya matatizo makubwa ya elimu. Darasa lenye watoto 100 badala ya 45, mwalimu anayelala katika chumba kinachovuja, malimbikizo ya madai yasiyolipwa, hayo si kero ndogo. Ni matatizo yanayohitaji fedha, sera na sauti ya pamoja, nasi tutayarudia mbele kidogo.

Kero tunayoikusudia ina alama tatu. Ya kwanza ni kwamba ni ndogo kiasi cha kuonekana haistahili kushughulikiwa. Ya pili ni kwamba hujirudia kila siku, au kila kipindi. Ya tatu, ambayo ndiyo kubwa, ni kwamba dawa yake ipo karibu, lakini kila siku tunaiahirisha kwa sababu siku hiyo tuna kazi nyingine iliyo muhimu zaidi. Dawati linaloyumba lina alama zote tatu. Kifutio cha ubao kisichoonekana nacho ni hivyo hivyo. Vilevile funguo ya kabati la vitabu ambayo huwa kwa mwalimu mmoja, na mwalimu huyo hufika saa mbili.

Yafaa pia tuseme kero si nini. Mtoto si kero. Mtoto anayeuliza swali lile lile kwa mara ya tatu, anayesahau herufi aliyoandika jana, anayelia kwa sababu amemkosa mama yake siku ya kwanza ya darasa la kwanza, huyo ndiye kazi yenyewe tuliyoajiriwa kuifanya. Mwalimu anayemweka mtoto katika orodha ya kero zake amekosea hesabu tangu mwanzo. Tunaondoa udhia wa vitu na wa utaratibu kusudi tubaki na subira ya kutosha kwa watoto.

Kwa nini jambo dogo humaliza nguvu kubwa?

Mtu aliye nje ya kazi yetu aweza kushangaa: je, kweli kifutio cha ubao kinaweza kumchosha mtu mzima? Jibu ni kwamba kifutio kimoja hakiwezi. Kinachochosha ni wingi wake na kurudiarudia kwake.

Mwaka 1968 mtaalamu wa elimu wa Marekani, Philip Jackson, alitoa kitabu juu ya maisha ya darasani. Kwa kuwatazama walimu wa shule za msingi wakiwa kazini, alionyesha kwamba mwalimu mmoja aweza kufikia kusemezana au kushughulika na watu mara 1,000 kwa siku moja. Kila mara kuna uamuzi mdogo wa kufanya: nimjibu au ningoje, nimruhusu au nimkataze, niendelee au nirudie. Mtu anayefanya maamuzi mengi kiasi hicho hana akiba ya kuchezea. Kila uamuzi unaoletwa na kopo la chaki lililopotea ni uamuzi mmoja ulioporwa kutoka kwa mtoto anayejifunza kusoma.

Tupige hesabu ya muda nayo. Mwaka wa masomo wa shule za msingi nchini Tanzania una siku 194. Ikiwa mwalimu anapoteza dakika 5 tu kwa siku kutafuta vitu au kungoja funguo, kwa mwaka amepoteza dakika 970. Kwa kipindi cha dakika 40, hivyo ni vipindi zaidi ya 24. Hakuna mwalimu mkuu atakayekubali mwalimu wake akae nje ya darasa vipindi 24 bila ya ruhusa. Walakini dakika tano tano hizo huondoka zikiwa zimevaa nguo za kazi, wala hapana anayezitilia shaka.

Tena tutazame ugawaji wa madaftari. Katika darasa la watoto 60, mwalimu akiita jina moja moja, na kila mtoto akachukua sekunde 6 kuinuka na kulipokea daftari lake, dakika 6 zimekwisha. Akiyakusanya mwishoni kwa njia ile ile, nyingine 6 zimekwenda. Katika kipindi cha dakika 40, dakika 12 ni karibu theluthi moja. Na katika dakika hizo 12 watoto 59 hawana la kufanya wanapomngoja mmoja, kwa hiyo huzungumza, husukumana, na mwalimu hukemea. Kelele anazozikemea amezitengeneza utaratibu wake mwenyewe.

Jambo hili lilichunguzwa na mtaalamu mwingine wa Marekani, Jacob Kounin, ambaye kitabu chake juu ya nidhamu darasani kilitoka mwaka 1970. Alitaka kujua walimu wenye madarasa matulivu hukemea namna gani, ili wengine wajifunze kukemea kama wao. Alichokiona ni kwamba namna ya kukemea haikuleta tofauti kubwa. Walimu waliofanikiwa walitofautiana na wenzao kabla ya kosa kutokea: walikuwa macho kwa kila pembe ya darasa, na masomo yao yalikwenda mfululizo bila ya kukatikakatika. Tukilieleza kwa lugha ya shule zetu, mwalimu ambaye chaki, vitabu na madaftari yake yapo tayari hana mapengo katika somo, na fujo huingilia penye pengo.

Anayelipa ni nani?

Hadi hapa msomaji aweza kudhani kwamba tunazungumzia raha ya mwalimu tu. Lakini kuna mtu mwingine anayelipa gharama ya kero hizi, naye ni mtoto.

Hasira haina macho. Mwalimu aliyeanza siku kwa kukosa chaki, akaingia darasani akakuta ubao haujafutwa, akakatizwa mara tatu na matangazo, na dawati la mbele likawa linagonga sakafu kila mtoto anapoandika, akifika saa tano huwa amejaa pomoni. Hapo atakayekosea kidogo ndiye atakayebeba mzigo wote. Mtoto aliyeangusha penseli hupokea ukali ambao haukuwa wake. Yeye hajui habari za chaki wala za matangazo. Anachokijua ni kwamba ameangusha penseli akadhalilishwa mbele ya wenzake, na tangu siku hiyo hujifunza kukaa kimya. Mtoto aliyekaa kimya kwa hofu haulizi maswali, na asiyeuliza hubaki nyuma.

Tukumbuke kwamba sheria nayo imekwisha kusema juu ya jambo hili. Kanuni za mwaka 2002 nchini Tanzania hazimruhusu kila mwalimu kuchapa: ni mwalimu mkuu, au mwalimu aliyepewa idhini na mwalimu mkuu kwa maandishi, viboko visizidi vinne, na adhabu iandikwe katika kitabu chake. Jirani zetu wa Kenya waliifuta kabisa adhabu hiyo shuleni mwaka 2001. Kiboko kinachoshikwa kwa sababu mwalimu ameudhika hakina mahali popote katika kanuni hizo. Lakini hatuwezi kumhubiria mwalimu juu ya upole huku tukimwacha azungukwe na miiba kutwa nzima. Upole unahitaji nafasi, na nafasi hiyo hupatikana miiba inapoondolewa.

Juu ya uvumilivu

Katika utamaduni wetu uvumilivu ni fadhila kubwa, na mwalimu wa kijijini amesifiwa kwa uvumilivu tangu zamani. Walimu waliopokea maelfu ya watoto baada ya Azimio la Musoma la Novemba 1974, ambapo iliamuliwa kwamba elimu ya msingi iwafikie watoto wote ifikapo 1977, walifundisha chini ya miembe, na wengi wao walijifunza ualimu huku wakifundisha. Vivyo hivyo walimu wa mwaka 2002, karo ilipokwisha kufutwa katika shule za msingi na Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi ukaanza, na wale wa mwaka 2016 elimu bila malipo ilipoletea madarasa ya kwanza wimbi jingine la watoto. Bila ya uvumilivu wa watu hao, shule nyingi zingefungwa milango. Hatuna nia ya kuidharau fadhila hiyo.

Hata hivyo, kuna uvumilivu wa namna mbili. Kuvumilia lisiloweza kuondolewa ni ushujaa. Kuvumilia linaloweza kuondolewa kwa msumari mmoja ni mazoea tu, na mazoea hayo hupunguza nguvu ambazo zingetumika katika ule ushujaa. Mwalimu anayelivumilia dawati linaloyumba kwa miaka mitatu hapati sifa yoyote kwa ajili hiyo. Anachokipata ni miaka mitatu ya kugongewa masikioni. Mdharau mwiba, mguu huota tende.

Kazi ya wiki moja

Basi tufanyeje? Tunapendekeza kwa mwanachuo njia nyepesi, isiyohitaji fedha. Katika wiki ya kwanza ya mazoezi ya kufundisha, tenga ukurasa mmoja wa daftari lako. Kila mara unapojisikia umeudhika, andika neno moja au mawili: “chaki”, “mlango”, “ruhusa”, “tangazo”. Usijieleze, wala usitafute dawa siku hiyo. Jioni weka alama mbele ya kila lililojirudia. Siku ya Ijumaa utaona kwamba yaliyoandikwa mara nyingi hayazidi saba au manane. Mtu aliyedhani kwamba shule nzima inamwudhi hugundua kwamba anaudhiwa na vitu saba vyenye majina, na hilo peke yake ni nafuu.

Halafu yagawe mafungu matatu: yaliyo mikononi mwako mwenyewe, yanayohitaji mapatano na walimu wenzako, na yanayohitaji uamuzi wa mwalimu mkuu, Kamati ya Shule au serikali. Anza na fungu la kwanza, tena jambo moja tu kwa wiki. Atakayetaka kuyamaliza yote Jumatatu ataongeza kero nyingine juu ya zile saba.

Tutoe mifano ya fungu la kwanza, ambayo tumeiona ikifaa katika shule mbalimbali.

Chaki na kifutio: shona kifutio kwa vitambaa vikuukuu, kifunge uzi, ukitundike kwenye msumari kando ya ubao. Weka chaki za siku katika kopo lako, uingie nalo na kutoka nalo. Usitegemee kopo la darasa, kwani cha wote mara nyingi hakina mlinzi.

Madaftari: ligawe darasa katika vikundi vya watoto 10, kila kimoja kina kiongozi wake, na madaftari ya kikundi hukaa pamoja yamefungwa kwa kamba. Viongozi sita hugawa madaftari 60 kwa dakika moja, na kikundi kilichopungukiwa huonekana papo hapo. Unapokusanya kazi za kusahihisha, waambie watoto wayapange madaftari yakiwa yamefunuliwa kwenye ukurasa wa zoezi. Ikiwa kutafuta ukurasa huchukua sekunde 10 kwa kila daftari, kwa madaftari 60 umeokoa dakika 10 kabla hujaandika alama moja.

Ruhusa ya chooni: tundika mlangoni vipande viwili vya ubao vyenye kamba, kimoja cha wasichana na kimoja cha wavulana. Anayetaka kutoka huchukua kipande, akirudi hukirudisha. Kipande kisipokuwapo, asubiri. Hapana haja ya kumwuliza mwalimu wala kulikatiza somo. Mtoto mgonjwa au mwenye dharura asemeshwe na kuruhusiwa nje ya utaratibu huu, kwa kuwa utaratibu umewekwa kwa ajili ya watoto.

Penseli: weka kopo la penseli fupi na wembe wa kuchongea mezani kwako, uchonge mwenyewe kabla ya kipindi. Asiye na penseli huchukua moja na kuacha mezani kitu chake kidogo kama rehani. Somo huendelea.

Wachelewaji: usiyafanye mapokezi yao kuwa kesi ya kila asubuhi. Dakika 10 za kwanza ziwe za zoezi lililoandikwa ubaoni, ambalo mtoto anayeingia anaweza kulianza bila ya kuelezwa. Sababu za kuchelewa umwulize mwenyewe wakati wa mapumziko, kwa faragha. Mara nyingi utakuta nyuma yake kuna ndoo ya maji, mdogo wa kulelewa, au mwendo wa saa nzima kwa miguu.

Dawati na mlango: kipande cha kandambili kuukuu chini ya mguu mfupi hulituliza dawati, na ukanda wa mpira wa baiskeli uliopigiliwa kwenye fremu huuzuia mlango usijipigize. Ubao uliochakaa hurudi weusi wake kwa makaa ya mkaa wa kawaida yaliyosagwa na kuchanganywa na majani mabichi yaliyotwangwa. Makaa ya betri yasitumike, maana yana kemikali zisizofaa mikononi mwa watoto.

Kuhamisha kero si kuiondoa

Hapa inatupasa kutoa onyo. Ipo njia rahisi sana ya kuondoa kero, nayo ni kumtwika mtu mnyonge zaidi. Mwalimu aliyechoka kuchota maji huwatuma watoto. Asiyependa kuosha vyombo humwita msichana wa darasa la sita wakati wa kipindi. Asiyetaka kusikia kelele humpa kiranja kazi ya kuandika majina ya wapiga kelele, na kiranja huwa mtawala mdogo mwenye maadui na marafiki. Kero haikuondoka. Imehamia kwa mtu asiyeweza kuikataa.

Wapo watakaotaja Elimu ya Kujitegemea, waraka uliotolewa na Mwalimu Nyerere mwaka 1967, wakisema kwamba mtoto lazima afanye kazi. Ni kweli, lakini kazi iliyokusudiwa humo ni ile ambayo shule nzima, walimu na wanafunzi, huifanya kwa faida ya shule na kwa kujifunza, na matunda yake ni ya wote. Maji ya kunywa ya darasa ni ya darasa. Maji ya kuoga ya mwalimu ni ya mwalimu.

Na kipimo chetu kiwe hiki: baada ya mpango mpya, je, nani amechoka zaidi kuliko jana? Ikiwa ni mtoto, mpango huo ni mbaya, hata kama darasa limetulia.

Mapatano na wenzetu

Fungu la pili linahitaji ulimi mzuri. Kero nyingi za shule hutengenezwa na walimu kwa walimu bila ya mtu kukusudia. Mwalimu wa zamu humtuma mtoto darasa kwa darasa na tangazo katikati ya vipindi. Mwalimu wa hesabu hupitiliza dakika 7 za mwenzake wa Kiswahili. Kiitikio cha darasa la pili hupita juu ya ukuta usiofika paa na kuwafunika darasa la tatu wanaosoma kimya.

Mwanachuo au mwalimu mgeni hana budi kuanza kwa heshima. Asilifikishe jambo kikaoni kabla ya kumwona mhusika. Amwendee baada ya kazi, aseme: “Shikamoo mwalimu. Naomba tushauriane, mimi na wewe, juu ya vipindi vyetu vya Jumanne.” Akileta pendekezo badala ya lawama, atasikilizwa mara nyingi kuliko anavyodhani. Kwa upande wa kelele, walimu wawili wa madarasa jirani waweza kupatana saa ya kuimba na saa ya kusoma kimya ziwe zile zile. Kwa upande wa matangazo, daftari moja la matangazo, linalosomwa mstarini asubuhi na wakati wa mapumziko tu, hutosha kwa shule nzima, ila kwa jambo la dharura.

Vilevile kuna simu za mkononi. Makundi ya ujumbe ya walimu yana faida, lakini ujumbe unaoingia saa tatu usiku ukitaka takwimu kabla ya asubuhi umekwisha kumnyima mtu usingizi. Walimu wa shule moja waweza kuafikiana kwamba simu hazitazamwi darasani, na kwamba jambo la kazi lisilo la dharura lisitumwe baada ya saa kumi na mbili jioni. Mapatano ya namna hiyo hayagharimu kitu.

Yaliyo juu ya uwezo wetu

Sasa twende kwenye fungu la tatu, ambapo tunatazamia kupingwa. Mwenzetu mmoja aweza kusema: “Mnamfundisha mwalimu kutia viraka. Madawati ni kazi ya serikali na wananchi. Mwalimu akilituliza dawati kwa kandambili, nani atanunua dawati jipya?” Hoja hii ina uzito, nasi hatuipuuzi. Hakuna kandambili itakayoongeza vyumba vya madarasa, wala kipande cha ubao mlangoni hakipunguzi msongamano wa watoto 100.

Lakini tunaona kwamba anayeziondoa kero ndogo hudai makubwa kwa nguvu zaidi. Mwalimu anayelalamikia chaki, mlango, njia, mshahara, nyumba na kelele kwa pumzi moja husikiwa kama mtu mwenye tabia ya kulalamika. Orodha ikipungua, yaliyobaki huonekana. Tena namna ya kudai nayo ni ufundi. Badala ya kuiandikia Kamati ya Shule kwamba “hali ya madawati ni mbaya sana”, andika hivi: “Katika darasa la tatu, madawati 7 kati ya 20 yamevunjika miguu. Zinatakiwa mbao 4 na misumari kilo 1. Wapo wazazi mafundi wawili. Tunaomba kazi ifanyike Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao.” Barua ya kwanza huleta huruma. Ya pili huwapa wajumbe jambo la kuamua. Kwa haki za kazi, kama malimbikizo na kupandishwa madaraja, vipo vyombo vyake, kikiwamo Chama cha Walimu Tanzania kilichoanzishwa mwaka 1993, na mwalimu mwenye nakala za barua zake zote katika jalada moja husikilizwa kwa haraka kuliko mwenye kumbukumbu za kichwani.

Neno kwa wakubwa nao. Shule huombwa takwimu zile zile mara nyingi kwa mwaka: wavulana wangapi, wasichana wangapi, madawati, vyumba, matundu ya vyoo. Mwalimu mkuu awe na karatasi moja ukutani, inayosahihishwa kila Ijumaa, ili asiwatoe walimu darasani kuhesabu upya kila barua ifikapo. Na ofisi zinazoomba zingefanya hisani kama zingetazama kwanza majalada yao, huenda jibu limo humo tangu mwezi uliopita.

Mapendekezo kwa vyuo

Tunamaliza kwa mapendekezo matatu. La kwanza, ukurasa wa kero uwe sehemu ya kumbukumbu za mwanachuo katika mazoezi ya kufundisha, pamoja na maazimio ya kazi na maandalio ya masomo. La pili, mkufunzi anayekwenda kumtazama mwanachuo asiulize tu somo limefundishwaje. Aulize pia: “Tangu ulipofika, ni kitu gani katika darasa hili umekirekebisha?” Jibu la swali hilo litamweleza mengi juu ya mwalimu anayechipuka. La tatu, saa chache za kazi za mikono chuoni zitumike kushona vifutio, kutengeneza madawati na kusiliba mbao, na wanachuo wa kike na wa kiume wafanye yote pamoja.

Kijana anayeanza kazi hii ana miaka zaidi ya 30 mbele yake. Atakutana na mambo ambayo hawezi kuyaondoa, na kwa hayo atahitaji moyo mzima. Nasi tunamsihi asiumalize moyo huo kwa kifutio na mlango. Wiki ijayo achague kero moja, iliyo ndogo kuliko zote katika orodha yake, aiondoe kabla ya Ijumaa, kisha atazame watoto wa darasa lake Jumatatu watampokeaje.